Tiketi Ingoje Viza, Mahari Ibaki kwa Mwenyewe



Swali la safari hii limetoka mbali na bahari yetu. Limetoka Nemba, Biharamulo, mkoa wa Kagera, kule ambako ukishika njia ya Ngara ukaimaliza unaikuta Rwanda. Binti ameposwa na kijana wa Kitanzania anayefanya kazi Muscat. Mahari imeshatolewa, nikah ni Mfunguo Mosi inshaAllah, na baada ya hapo amfuate mumewe. Shida ni nauli. Kila wakala akipigiwa simu, bei imepanda. Mama mkubwa anasema pesa ya mahari ipo, basi ikatwe tiketi leo kabla mambo hayajawa mabaya zaidi. Mchumba anasema wangoje viza. Binti anauliza amsikilize nani.

Kuhusu siku ya kukata tiketi, mimi niko na mchumba. Kuhusu pesa ya kukatia, siko na yeyote anayeinyooshea mkono ile mahari. Nitayasema yote mawili, na nitaanza na nauli, maana watu wanaiogopa bila kuijua.

Bei ya tiketi ya nje ina vipande vyake: nauli ya shirika, kodi na ada za viwanja, na mara nyingi ada ya mafuta. Mafuta peke yake hubeba kama robo hadi theluthi ya gharama za kuendesha shirika la ndege, kwa hiyo soko la mafuta likitikisika, abiria hulipia. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi wa Februari, pipa la mafuta ghafi lilivuka dola 100 na likakaa huko juu kwa miezi. Aliyengoja bei ishuke alingoja sana. Mwezi wa Juni 2025, Israel na Iran zilipopigana, mafuta yalipanda tena, lakini safari hiyo ilikuwa siku chache tu, na kabla mwezi haujaisha yalikuwa yamesharudi chini. Aliyekimbia kukata kwa hofu alikimbia bure. Na usiku wa tarehe 23 mwezi huohuo Qatar na majirani zake walifunga anga kwa saa kadhaa, watu wakakwama viwanjani na tiketi zao mkononi, waliozinunua rahisi na waliozinunua ghali. Nani kati yetu angeyajua hayo mapema? Mama mkubwa hayajui, wakala hayajui, na mimi siyajui.

Halafu kuna dola, ambayo watu huisahau. Mwaka 2024 dola moja ilivuka shilingi 2,700, kisha mwisho wa mwaka ikashuka hadi karibu na 2,400. Tuseme tiketi ni dola 400. Katika miezi michache tu tiketi ileile imetofautiana kwa shilingi 120,000, na shirika halijabadilisha hata senti. Ukisikia "nauli imepanda", uliza kwanza imepanda kwa dola au kwa shilingi. Ni mambo mawili tofauti.

La uhakika ni hili hapa. Tiketi ikishakatwa, kwa kawaida bei yake imefungwa. Mafuta yakipanda kesho, shirika huongeza ada kwa tiketi zitakazokatwa kuanzia tarehe fulani, halirudi kukudai wewe uliyekwisha kulipa. Hapo mama mkubwa ana hoja yake, na simdharau. Lakini kufuli hiyo inadumu maadamu hujaigusa tarehe. Siku utakapoomba kubadilisha safari, unalipa ada ya kubadilisha na juu yake tofauti ya nauli kati ya siku ile uliyokata na siku hii. Yaani bei uliyoikimbia utaikuta imekaa mbele inakungoja, pamoja na faini. Na tiketi nyingi za bei ya chini hazirudishwi pesa kabisa, au zinarudishwa kodi tu.

Sasa tazama hali ya binti wa Nemba. Tarehe yake ya kusafiri haiko mikononi mwake. Viza ya kumfuata mume inataka cheti cha ndoa, na cheti cha ndoa kinataka ndoa ifungwe kwanza. Baada ya cheti kuna mihuri ya ofisi zinazohusika, kuna maombi ambayo mume anayapeleka kwa upande wake huko Oman, kuna pasipoti ambayo lazima iwe na angalau miezi sita mbele yake. (Kwa mnaoolewa na raia wa Oman wenyewe, tangu Amri ya Kifalme namba 23 ya mwaka 2023 raia hahitaji tena ile ruhusa ya serikali ya kuoa nje, iliyokuwa ikiwatesa watu miaka. Lakini viza bado ni viza.) Ofisi moja tu ikichelewa wiki mbili, tiketi iliyokatwa leo imekufa. Kwa hiyo ushauri wa mama mkubwa ungekuwa mzuri kwa mtu mwenye viza mkononi. Kwa asiyekuwa nayo ni kucheza bahati nasibu kwa pesa ya harusi.

Ila wanaume nao wasijifiche nyuma ya neno subira. Viza ikitoka asubuhi, tiketi ikatwe kabla ya Magharibi. Nimewaona wengi wanaongoja viza, kisha wanangoja mshahara, kisha wanangoja "bei maalumu" ambayo binamu aliiona kwenye simu. Ngojangoja huumiza matumbo. Tumefundishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kumfunga ngamia kisha ndio kutegemea. Ngamia wetu hapa ni makaratasi kukamilika na pesa halali ya nauli kukaa tayari. Vikishakutana hivyo viwili, salini istikhara yenu, mkate, na msiitazame tena ile bei. Ikishuka wiki ijayo, hiyo ilikuwa riziki ya mwingine.

Na mnapolipa, mtazame mmelipia nini. Kuna tofauti kubwa baina ya kuwekewa nafasi na kukatiwa tiketi. Kuwekewa nafasi kunakupa zile herufi na namba sita, nazo zinaweza kufutika zenyewe baada ya siku moja au mbili. Tiketi iliyokatwa ina namba yake yenye tarakimu 13. Mwambie wakala akuandikie namba hiyo, kisha ingia kwenye tovuti ya shirika au wapigie uhakikishe ipo. Wakala mwaminifu hatakasirika. Bi harusi na pesa yake ni windo jepesi, na wapo wanaochukua pesa leo wakaweka nafasi tu, wakingoja bei ishuke ili wale tofauti. Bei isiposhuka, utapigiwa simu usiku kuambiwa "mfumo umeleta shida, ongeza kidogo".

Jambo jingine dogo lenye pesa ndani yake: viti vya ndege moja havina bei moja. Vimegawanywa mafungu, na fungu la rahisi likiisha linafuata la juu yake. Mkiwa watatu, tuseme bwana harusi amekuja kumchukua mkewe na shemeji anawasindikiza, na fungu la rahisi limebaki na viti viwili, mtambo utawapa nyote watatu bei ya juu. Mwambie wakala aangalie wawili kwanza, kisha mmoja. Ile hadithi kwamba simu inakukumbuka ikapandisha bei kwa sababu umetafuta mara nyingi, iacheni. Kilichobadilika ni fungu.

Kalenda yetu nayo ina mchango wake. Harusi zetu zinarundikana Shaaban na Mfunguo Mosi, na wakati huohuo kila mtu anasafiri: wa Umra wanakwenda, wa Sikukuu wanarudi kwao. Mwezi wa Julai na Agosti, na tena Desemba, watalii wa Ulaya na ndugu zetu wa Oman wanazijaza ndege za Unguja. Lakini tazameni upande. Mwanzo wa Julai ndege zinazokuja ndizo zinazojaa. Anayeondoka Unguja kwenda Muscat siku hizo anakwenda kinyume na mkondo, anaweza kupata nafasi. Mwisho wa Agosti mambo yanageuka, familia zinarudi makwao shule zinafunguliwa, na bi harusi anayetaka kiti wiki hiyo atakilipia. Kwa hiyo kama nikah ni Mfunguo Mosi na viza itachukua mwezi au miwili, hiyo si hasara, huenda ikakupitishia mbali na wiki za ghali.

Mnaopanga Umra kuwa fungate yenu, tahadharini zaidi. Saudia huufunga mlango wa Umra kwa wageni kabla ya Hija. Mwaka 2025 mwisho wa kuingia kwa viza ya Umra ulikuwa tarehe 13 Aprili, sawa na tarehe 15 Mfunguo Mosi. Fikiria wewe uliyefunga ndoa wiki ya pili baada ya Sikukuu, tiketi umekata tangu Rajab kwa sababu "ilikuwa rahisi", halafu unaambiwa mlango umefungwa hadi Hija ipite. Tena kuna sindano ya uti wa mgongo, ambayo inatakiwa ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Yote haya yanatangulia tiketi.

La hina nilikuwa nalisahau. Kama bado hujaenda kutoa alama za vidole kwa ajili ya viza, usitiwe hina wala piko kwenye ncha za vidole. Mashine haisomi, unarudishwa nyumbani, na wiki mbili zinapotea unangoja ifutike. Mikono na miguu ipambwe, vidole vingoje.

Nirudi Nemba, kwa sababu safari ya binti huyu ina kitu ambacho sisi wa Unguja hatukijui. Sisi tunapanda gari dakika chache tuko uwanjani. Yeye kabla ya kuiona ndege ya Muscat ana nchi nzima ya kuivuka. Kwa basi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Njia iliyo nyepesi kwa wengi ni Mwanza kwa barabara kupitia Geita, kisha ndege ya ndani. Zamani barabara hiyo ilikuwa na kivuko cha Kigongo na Busisi, na kivuko hakikuwa na adabu kwa mwenye tiketi ya ndege. Ungeweza kukaa pale saa nzima na zaidi ukiitazama Mwanza ng'ambo. Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, kama kilomita 3 juu ya maji, na sasa gari linapita dakika chache. Alhamdulillah. Uwanja wa Chato uko karibu zaidi, na Air Tanzania ilianza kutua pale mwaka 2021, lakini ulizeni ratiba ya siku yenu kabla ya kuutegemea.

Njia ya tatu ni Kigali. Kutoka Ngara unavuka mpaka Rusumo, na kutoka Rusumo hadi Kigali ni kama kilomita 160 za lami. Kigali kuna ndege za Doha, za Dubai, za Addis Ababa. Kwa mtu wa Nemba uwanja huo unaweza kuwa jirani kuliko Dar es Salaam, na ni vizuri bei zake zilinganishwe na za Dar kabla ya kukata. Jambo moja wasilisahau: saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na tiketi huandikwa kwa saa ya mahali ndege inapoondokea.

Kwa nini nayaeleza haya kwenye suala la nauli? Kwa sababu watu hutafuta rahisi kwa kukata vipande vipande: tiketi moja Mwanza hadi Dar, nyingine Dar hadi Muscat, mashirika mawili yasiyojuana. Vipande viwili mara nyingi ni rahisi kuliko safari iliyoandikwa kwenye tiketi moja. Lakini ndege ya kwanza ikichelewa, la pili halina habari nawe. Limekuhesabu hukutokea, na tiketi imekwenda. Mwenye tiketi moja ya safari nzima, shirika linamtafutia ndege nyingine. Ikiwa hapana budi kukata vipande viwili, basi binti alale Dar au Unguja usiku mmoja kabla ya safari, kwa ndugu anayeaminika. Usiku huo una gharama yake, uandikwe kwenye hesabu ya nauli tangu mwanzo, si kushtukizwa nao.

Na mizigo! Tiketi nyingine ni rahisi kwa sababu haina begi. Msichana anayekwenda kikazi wiki moja atavumilia. Bi harusi ana sanduku, ana nguo za mwaka, ana udi na vyombo vya mama, na akitoka Kagera atafungiwa na kahawa. Kilo za kulipia uwanjani ni ghali kuliko za kulipia mapema. Linganisheni bei mkiwa mmeshaweka kilo zenu ndani, ndipo mtajua ipi rahisi.

Jina pia. Liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Usikatiwe tiketi kwa jina la mume eti sasa umeolewa. Katika dini yetu mwanamke anabaki na jina la baba yake, na hata uwanjani ndilo litakalomvusha.

Sasa mahari. Hapa ndipo hasa nilipotaka kufika.

Huko bara watu wengi wakisikia mahari wanafikiri ng'ombe na pesa anazopokea baba. Sisi wa pwani tusijione, tuna mkaja na kilemba, na mara ngapi vimeliwa pamoja na haki ya binti kwenye sahani moja? Qur'ani imeliweka wazi katika Sura ya Nisaa, aya ya nne: mahari ni ya mwanamke mwenyewe, na haliliwi ila kile atakachokitoa kwa nafsi iliyoridhia. Kuridhia si kunyamaza. Binti aliyezungukwa na mama wakubwa wanne, kaka, na wakala kwenye simu anayesema "zimebaki dakika kumi", akainamisha kichwa, huyo hajaridhia. Huyo ameona haya.

Nauli ya kumpeleka mke kwa mumewe ni ya mume, au ya walioafikiana kuibeba waziwazi kabla ya nikah. Kama hana sasa, angoje apate, na ndoa haiharibiki kwa mke kukaa kwao miezi miwili. Kama kweli mke anataka kumsaidia, na ni jambo zuri, iandikwe: amemkopesha au amempa. Maneno mawili tu kwenye karatasi mbele ya shahidi. Mume mwema hatakataa kuandika, na asiyetaka kuandika ametuonyesha jambo mapema.

Mikopo ya kausha damu kwa ajili ya tiketi sitaki hata kuijadili. Riba ni riba, na nauli ikipanda kwa laki moja, mkopo ule utakula tatu. Kikoba cha wanawake kisicho na riba, mbuzi wa kuuza, mchango wa ukoo ulio wazi, hayo ni ya heri. Kupunguza watu wa karamu ni heri zaidi, lakini najua hilo hamtanisikiliza.

Kuna sababu nyingine ya kuiacha mahari mahali pake, na hii nawaambia kina mama wenye mabinti wanaokwenda mbali. Tiketi nyingi za bi harusi ni za kwenda tu. Anafika mji ambao hana shangazi, hajui hata duka la mkate, viza yake imefungamana na mume. Wengi, alhamdulillah, wanaishi vizuri na wanatuletea wajukuu. Lakini mama akiugua Nemba, mume yuko kazini hana pesa mwezi huo, nauli imepanda, binti atarudi na nini? Na kama nyumba imeingia mambo ambayo mwanamke mwenye heshima zake hapaswi kuyavumilia, atamwomba nauli nani, huyohuyo?

Basi mahari ya binti wa Nemba ikae. Ifanywe dhahabu avae mkononi, au iwekwe kwenye akaunti yenye jina lake asiyoigusa mtu. Kaka yake abaki na nakala ya pasipoti na ya viza. Yeye mwenyewe ajue bei ya tiketi ya Muscat kuja Dar, aiulize kila baada ya miezi michache, na ahakikishe dhahabu aliyo nayo inatosha kuinunua pamoja na basi la kutoka Mwanza.